Sare Mchana, Choro Usiku: Bendi ya Zimamoto ya Rio de Janeiro

Santuri za kwanza kurekodiwa nchini Brazil zilitoka mwaka 1902. Mnunuzi aliyeingia duka la Casa Edison, Rua do Ouvidor namba 107, jijini Rio de Janeiro, aliwakuta waimbaji wa kumbi za starehe wakishindania rafu na askari wa zimamoto. Banda do Corpo de Bombeiros, yaani bendi ya kikosi cha zimamoto, ilikuwa na umri wa miaka sita tu, lakini wakazi wa jiji walikwisha kuijua. Walikuwa wameisikia kwenye bustani siku za Jumapili na kwenye sherehe za Jamhuri. Sasa waliweza kuinunua na kwenda nayo nyumbani.

Bendi hiyo, ambayo leo imevuka karne moja na robo, ilizaliwa kwa agizo la kamanda, ikalishwa na bajeti ya serikali na kulelewa kwa nidhamu ya kambi. Mambo hayo yote bendi nyingine za sare zilikuwa nayo. Kilichoitofautisha hii ya zimamoto kilitoka nje ya geti, katika saa ambazo askari wake hawakuwa zamu. Saa hizo walizitumia uani, sebuleni na madukani, wakipiga muziki ambao hakuna kamanda aliyewaagiza kuupiga. Historia ya taasisi hii haieleweki bila saa hizo za mapumziko.

Kengele, mzinga na mapipa ya maji

Kabla ya mwaka 1856 Rio haikuwa na kikosi cha zimamoto. Moto ulipozuka, kengele za makanisa ziligongwa, mzinga ukafyatuliwa kutoka kilima cha Castelo, na mafundi wa maghala ya silaha wakaacha kazi zao na kukimbilia kwenye moshi. Maji yaliletwa na wauza maji waliozunguka mitaani na mapipa yao. Tarehe 2 Julai 1856 Kaisari Pedro II alitoa amri ya kuwaunganisha wazima moto wa ghala la jeshi la majini, wa ghala la jeshi la nchi kavu, wa idara ya ujenzi na wa gereza la jiji, wawe kikosi kimoja. Hadi leo Wabrazili huadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya zimamoto. Mwaka 1880 kikosi kikapewa mfumo wa kijeshi, na kikosi chenye vyeo, bendera na gwaride hakikawii kutamani bendi.

Wapigaji walikuwapo tele. Tangu zamani vinyozi wa Rio na Salvador, wengi wao Waafrika watumwa au walioachwa huru, walijifunza ala huku wakisubiri wateja, kisha wakaunda vikundi vya kupiga kwenye sikukuu za makanisa. Kwenye mashamba makubwa, watumwa walifundishwa ala za kupulizwa ili bwana apate bendi ya kuwaringishia wageni wake. Kwa watu weusi wa Brazil, basi, upigaji wa ala ulikuwa umezoea tangu awali kuishi kandokando ya kazi nyingine, katika muda uliobaki.

Kwenye miaka ya 1870 Rio ikazaa mtindo wa muziki uitwao choro. Dansi za polka, walzi na shotishi zilikuwa zimekuja kwa meli kutoka Ulaya. Wapigaji wa jiji wakazichanganya na mapigo ya lundu, ngoma yenye asili ya Kiafrika, hadi zikawa kitu kingine. Filimbi ilibeba sauti ya juu, gitaa likaijibu kwa nyuzi zake nene, na kavakinyo, gitaa dogo la nyuzi nne, likashika mapigo. Mpiga filimbi Joaquim Callado, aliyefariki mwaka 1880, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi. Waliomfuata walikuwa zaidi watumishi wa vyeo vya chini: watu wa posta, forodha, reli na telegrafu. Mshahara wao ulikuwa mdogo lakini haukosi mwisho wa mwezi, na kazi yao ilikuwa na saa inayojulikana ya kumalizika. Bila saa hiyo kusingekuwa na mikesha ya choro.

Mtoto wa Paquetá

Anacleto de Medeiros alizaliwa tarehe 13 Julai 1866 katika Paquetá, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya ghuba ya Guanabara. Kalenda ya Kanisa ya enzi hizo ilimkumbuka Papa Anakleto siku hiyohiyo. Mama yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Wakati huo Brazil ilikuwa bado na zaidi ya miaka 20 mbele yake kabla ya kuufuta utumwa, jambo lililofanyika tarehe 13 Mei 1888.

Akiwa na miaka tisa Anacleto aliingizwa katika kundi la watoto wa ghala la silaha la jeshi, mahali ambapo watoto wa maskini walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Huko alianza kupiga pikolo, ile filimbi fupi yenye sauti kali. Kufikia mwaka 1884 alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, na wakati huohuo mwanafunzi wa chuo cha muziki cha taifa, alikohitimu mwaka 1886.

Maisha hayo ya kazi mbili ndiyo yaliyomkuza. Pale kiwandani aliwakusanya wachapaji wenzake wakaunda Clube Musical Guttemberg, kilabu kilichoitwa kwa jina la Mjerumani anayesifiwa kwa kuvumbua uchapaji wa herufi za kuhamishika. Kwao Paquetá aliunda bendi ya wakazi wa kisiwa. Aliongoza pia bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Bangu. Aliweza kupiga karibu kila ala ya kupulizwa, ila kipenzi chake kilikuwa saksafoni ya soprano. Alipotimiza miaka 30 alikuwa na uzoefu ambao chuo hakiufundishi: kuwapatanisha kwa sauti moja watu waliofika mazoezini wakiwa wameshachoka na kazi ya mchana.

Ndipo, mwaka 1896, Eugênio Jardim, kamanda wa zimamoto, alipomwita aunde bendi ya kikosi. Wapigaji Anacleto aliwapata miongoni mwa rafiki zake wa choro. Alikuwapo Irineu de Almeida, mpigaji wa tromboni na ofikleidi. Ofikleidi ni bomba kubwa la shaba lenye vifuniko vinavyobonyezwa kwa vidole, ala ambayo hata Ulaya ilikuwa imeanza kusahaulika. Watu walimpa Irineu lakabu ya Batina kwa sababu ya koti lake refu lililofanana na kanzu ya padri. Alikuwapo Albertino Pimentel, aliyejulikana zaidi kwa jina la Carramona. Alikuwapo pia Casemiro Rocha, mpiga tarumbeta ambaye jiji zima lingekuja kuuimba wimbo wake.

Bendi za kijeshi hupigia miguu: ngoma huhesabu hatua, na shaba hupaa juu yake ili isikike mwisho wa barabara. Anacleto alijua kuandika muziki wa namna hiyo, na maandamano ya kijeshi yalibaki katika mpangilio wa bendi yake. Lakini alipowaandikia rafiki zake polka na shotishi, alizigawa sauti kama zilivyogawanywa kwenye choro cha uani. Klarineti na filimbi zilipewa kazi ya kuimba. Kazi ya nyuzi nene za gitaa, ya kuteremka na kupanda chini ya wimbo kuu na kubishana nao kwa adabu, ilikwenda kwa ofikleidi na tromboni. Wapigaji hawakuhitaji kuelezwa jinsi ya kubishana huko, kwa kuwa ndiyo ilikuwa burudani yao ya kila wiki. Bendi kubwa yenye vyombo vizito ikasikika nyepesi.

Zamu ikiisha

Habari nyingi za maisha hayo ya usiku tumezipata kwa mtu wa posta. Alexandre Gonçalves Pinto, mgawa barua na mpigaji wa gitaa na kavakinyo, alichapisha mwaka 1936 kitabu cha kumbukumbu za wapiga choro wa kale. Humo anawataja mamia ya watu mmoja mmoja: ofisi aliyofanya kazi, ala aliyopiga, tabia yake, na mara nyingi ubora wa meza yake. Askari wa zimamoto wamo pamoja na wakaguzi wa reli na makarani wa forodha.

Wapigaji hawa hawakutoza fedha. Walialikwa kwenye ubatizo, harusi na siku za kuzaliwa, na malipo yao yalikuwa chakula na kinywaji. Kwa hiyo walikuwa na desturi ya kumtuma mmoja wao akachungulie jikoni. Akirudi na habari kwamba paka amelala juu ya jiko, maana yake moto haujawashwa na hakuna kitakachopakuliwa, nao wakaanza kukusanya ala zao taratibu wakatafute nyumba nyingine. Mwenyeji aliyewaandalia vizuri alikuwa na hakika ya kukeshewa hadi alfajiri.

Katikati ya jiji kulikuwa na duka la ala lililoitwa Cavaquinho de Ouro, ambalo lilikuwa baraza lao. Anacleto na Irineu walikutana hapo na wapiga magitaa hodari kama Quincas Laranjeiras na Sátiro Bilhar. Kijana mmoja mwenye gitaa, Heitor Villa-Lobos, aliyezaliwa mwaka 1887, alijipenyeza katika baraza hilo ili ajifunze. Alikuja kuwa mtunzi wa Kibrazili anayejulikana zaidi duniani, na katika ujana wake waalimu wake wa mitaani walikuwa watu hawa waliovaa sare mchana.

Siku za mapumziko ya jiji bendi ilipanda kwenye vibanda vya muziki vya bustani za umma. Redio haikuwapo bado, na tiketi ya jumba la opera ilikuwa ghali. Mfua nguo, mchuuzi na mwanafunzi walisikiliza humo, bila kulipa, vipande vya opera za Kiitaliano vikifuatiwa na polka iliyotungwa na jirani yao. Kibanda kile kilikuwa mahali pekee ambapo nusu mbili za maisha ya askari zilionekana kwa pamoja: noti za kambini na mtindo wa uani, mbele ya umati.

Mbele ya pembe ya gramafoni

Mwenye Casa Edison alikuwa Fred Figner, mhamiaji aliyezaliwa Bohemia. Alianza kwa kuzungusha mashine ya sauti kwenye maonyesho, akaishia kuwa mfanyabiashara mkuu wa santuri nchini. Kurekodi kwa wakati huo hakukutumia umeme. Wapigaji walijibana mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao yenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano ichore mfereji kwenye nta. Gitaa lilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo, na fidla haikuwa na afadhali kubwa. Shaba ilitosha. Fundi wa mitambo alipotafuta kundi lenye sauti kubwa, lenye noti safi na lililozoea kufika kwa wakati, jibu lilikuwa bendi ya zimamoto.

Ndiyo sababu choro cha miaka ile kimetufikia zaidi kwa mapafu ya askari kuliko kwa vidole vya wapiga magitaa. Nta hizo zilisafirishwa hadi Ujerumani, santuri zikachapwa huko na kurudishwa Rio kuuzwa. Nyimbo za Anacleto mwenyewe, kama vile shotishi yake iitwayo Yara, zilisambaa mbali kuliko bendi yenyewe ilivyoweza kutembea.

Wimbo uliovuma kuliko zote ulitungwa na Casemiro Rocha. Rio ya mwanzo wa karne ilisumbuliwa na tauni, homa ya manjano na ndui. Daktari Oswaldo Cruz, aliyekabidhiwa afya ya umma, aliamuru panya wawindwe, na serikali ikawanunua. Wanunuzi wakapita mitaani wakipiga pembe na kunadi, na haikuchukua muda wajanja wakaanza kufuga panya ili wawauze. Casemiro alikinasa kilio cha wanunuzi hao ndani ya polka yake Rato, Rato. Ilipotiwa maneno ikawa wimbo wa kanivali ya mwaka 1904. Kampeni ya afya iliyowaudhi wengi ikawa kichekesho cha kuchezwa, na mtunzi wake alikuwa mtumishi wa serikali ileile iliyowanunua panya.

Baada ya Anacleto

Anacleto alifariki kisiwani kwake Paquetá mwezi Agosti 1907, akiwa na miaka 41. Wapo viongozi ambao bendi zao huzikwa pamoja nao. Hii haikuzikwa, kwa sababu watu wake walikuwa wakipigana jeki nje ya kambi muda wote. Carramona akashika fimbo ya uongozi, naye alikuwa ameyajua yale yale, usiku ule ule.

Urithi mkubwa zaidi, hata hivyo, ulipitia kwa Irineu. Alikuwa akipanga chumba katika nyumba ya familia ya Vianna, mpiga filimbi aliyekuwa mtumishi wa telegrafu. Nyumba hiyo ilijaa wapangaji na wapigaji, na watoto wengi wa mwenye nyumba. Mmoja wa watoto hao, Alfredo, aliyezaliwa mwaka 1897, alifundishwa muziki na mpangaji huyo wa koti refu. Ulimwengu unamjua kwa jina la Pixinguinha. Karibu mwaka 1911 mwalimu na mwanafunzi waliingia pamoja kurekodi katika kundi la Choro Carioca, mtoto akishika filimbi na mzee ofikleidi. Irineu alifariki mwaka 1914.

Miongo mitatu baadaye Pixinguinha aliiacha filimbi, akachukua saksafoni ya tenor na kurekodi na mpiga filimbi Benedito Lacerda. Katika rekodi hizo za miaka ya 1940, saksafoni huzunguka chini ya filimbi, ikiichokoza na kuishikilia. Wachambuzi wengi wa choro humsikia humo Irineu: ni ile kazi ya ofikleidi ya bendi ya zimamoto, imehamia chombo kingine.

Pixinguinha aliurithi pia mtindo wa kuunda bendi. Mwaka 1933 jiji lilimpa kazi ya ukaguzi wa usafi ili aanzishe bendi ya manispaa. Njia ilikuwa ileile ya mwaka 1896: mtu wa choro apewe cheo cha serikali, wenzake wapewe sare, na muziki waliokuwa nao tayari upate mahali pa kukaa.

Villa-Lobos naye alilipa deni. Katika Chôros namba 10, aliyoitunga kwa okestra na kwaya na kuionyesha Rio mwaka 1926, kwaya inaimba wimbo wa Yara wa Anacleto, ukiwa na maneno ya mshairi Catulo da Paixão Cearense. Shotishi ya kiongozi wa bendi ya zimamoto ikawa kilele cha mojawapo ya kazi kubwa za muziki wa Amerika Kusini.

Moto wenyewe

Bendi ya zimamoto haiwezi kuusahau moto. Makao makuu ya kikosi, jengo lenye mnara lililoko Praça da República, yalizinduliwa mwaka 1908. Humo bendi ilipata nyumba, na mmoja wa wanamuziki wa kikosi, Kapteni Antônio Pinto Júnior, akatunga muziki wa wimbo rasmi unaoimbwa na wazima moto wa Brazil. Pale kikosi kinapozika watu wake, bendi ndiyo hutangulia.

Tarehe 7 Mei 1954 ilileta mazishi ya aina hiyo. Askari waliitwa usiku kwenye kisiwa cha Braço Forte, palipokuwa na ghala la vitu vya kulipuka. Ghala lililipuka wakiwa kazini na 17 kati yao wakafa. Kisiwa hicho kiko jirani na Paquetá, alikozaliwa na kuzikwa Anacleto.

Moto mwingine uligusa kumbukumbu za taifa moja kwa moja. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa, katika kasri ya zamani ya Kaisari Pedro II, yaliteketea. Kikosi kilifika kikakuta mabomba ya jirani hayana maji ya kutosha, ikabidi yaletwe kwa malori. Pamoja na mamilioni ya vitu viliungua rekodi za lugha za wenyeji wa Amerika ambazo hazina tena msemaji. Santuri za bendi ya zimamoto, kinyume chake, zilinusurika karne nzima kwa sababu zilitawanyika majumbani na mikononi mwa wakusanyaji. Mmoja wao, Humberto Franceschi, alizikusanya santuri za Casa Edison kwa miongo mingi, na mkusanyiko wake sasa unatunzwa na Instituto Moreira Salles, ukiwa umesafishwa na kuwekwa wazi kwa wasikilizaji.

Alama iliyobaki

Tarehe 29 Februari 2024 taasisi ya urithi ya Brazil, IPHAN, ilikitambua choro kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Uamuzi huo uliwahusu wapigaji wa mitaani, shule na vilabu, lakini unawahusu vilevile wale waliovaa sare. Choro kilipata sauti ya kudumu kwenye santuri kwa sababu kikosi kimoja cha serikali kilikuwa na ala nzuri, chumba cha mazoezi na mshahara wa kila mwezi, na kikawakabidhi watu waliokuwa na muziki wao tayari.

Taasisi nyingi zimewahi kuwa na ala, chumba na mshahara zikaishia kuwa na bendi ya gwaride isiyokumbukwa na mtu. Kanuni za kijeshi zinaweza kumfundisha askari kuingia na kutoka kwa mpigo mmoja, lakini hazina sura inayofundisha polka iliyopindwa kwa lundu. Hiyo hujifunzwa kwa hiari, kati ya rafiki, na mwenye kuijua huja nayo kazini. Kiongozi anayetaka kuunda bendi ya kikosi chake angeanza vizuri kwa kuuliza watu wake hupiga nini wanapotoka zamu. Anacleto hakuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa alikuwa akipiga pamoja nao.